Fedha Mbele, Mzigo Nyuma

Wahenga wetu walisema ahadi ni deni. Methali hiyo nimeiandika ubaoni mara nyingi, nami nimewasikia wanachuo wakiieleza kwa ufasaha: anayeahidi amekopa, anayetimiza amelipa. Lakini methali ni fupi na maisha ni marefu. Methali hii haituambii afanye nini mtu aliyeahidi kwa moyo safi, akapokea malipo, kisha akaona waziwazi kwamba nguvu za kutimiza zinamwishia. Wala haituambii ana wajibu gani kwa mtu mwingine ambaye hajalipa bado, ila ameshika simu mkononi tayari kutuma fedha. Hilo ndilo swali ninalotaka tulitafakari, msomaji wangu, kwa kuwa limekwisha kuingia majumbani mwetu bila kubisha hodi.

Zamani katika maduka ya Mpanda, mwenye hofu alikuwa muuza duka. Alitundika ukutani kibao kilichosema "Kukopa harusi, kulipa matanga," na aliyekuja na maneno matamu alioneshwa kibao hicho kwa kidole. Hofu yake ilikuwa na sababu, maana bidhaa ilitoka kwanza na fedha ikafuata, na pengine isifuate kabisa. Mkulima wa tumbaku wa huku kwetu angali anaijua hofu hiyo. Yeye hukabidhi marobota yake ghalani, kisha hurudi nyumbani kusubiri malipo. Lakini kwa anayenunua kwa njia ya mtandao mambo yamegeuka. Fedha hutangulia, mzigo hufuata. Mteja ndiye mkopeshaji sasa, ingawa hakuna aliyemwambia hivyo, wala hana ukuta wa kutundikia kibao chake.

Sisi watu wa Mpanda hatuogopi kusubiri. Mji wetu uko mwisho wa reli. Tawi lile linalotoka Kaliua lilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi, na machimbo yalipofungwa likabaki kuwa mkono wetu wa kufikia nchi nyingine. Enzi zile tuliagiza vitabu kutoka Dar es Salaam kwa hawala ya posta. Fedha zilitangulia, vitabu vikafika majuma kadhaa baadaye. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilipoharibu reli ya kati, tulisubiri zaidi. Sikumsikia mtu akimwita muuza vitabu mwizi. Reli inapokatika, inakatika kwa watu wote, na kila mtu anajua. Kwa hiyo kuchelewa peke yake si kosa la maadili. Wala kushindwa si kosa. Mfanyabiashara ni kama mkulima: aweza kulima vizuri na mvua ikamkatalia. Nalisema hili mapema ili nisieleweke kwamba nawashitaki wote wanaochelewa.

Sasa nieleze jambo lililonifanya niyapime mawazo haya. Miaka michache iliyopita, sisi wastaafu wachache wa kazi ya ualimu tuliamua kumwandalia mwenzetu sherehe ya miaka 50 ya ndoa yake. Tulichanga. Mmoja wetu aliona katika simu tangazo la duka la mtandaoni lililouza mvinyo wa zabibu za Dodoma kwa bei ya chini, pamoja na ahadi ya kuufikisha popote nchini. Tuliagiza katoni 6, tukalipa kwa simu shilingi 720,000, na siku ile ile tukapata ujumbe wa shukrani. Baada ya hapo tukawa tunaandikiwa "mzigo uko njiani." Mwezi wa kwanza ulikuwa njiani. Mwezi wa pili ulikuwa njiani bado, ilhali siku hizi ipo barabara ya lami kutoka Tabora kupitia Sikonge na Koga, na mabasi hupita kila siku. Sherehe ilifanyika kwa soda na pombe ya asali. Katoni 2 zilifika baadaye. Nyingine hazikufika, wala fedha hazikurudi.

Hasara hiyo haikutuua. Lililonikaa moyoni ni mambo mawili. La kwanza, katika muda huo wote duka liliendelea kutangaza punguzo, na kila juma punguzo lilikuwa kubwa kuliko la juma lililotangulia. Hali ya duka ilivyozidi kuwa mbaya, ndivyo bei yake ilivyozidi kuwa tamu. La pili ni mazungumzo yangu kwa simu na kijana aliyekuwa akilisimamia. Aliniamkia kwa adabu, na nilipomtaka aniambie ukweli, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mzee, nikiwaambia wateja hali ilivyo, wote watadai fedha zao siku moja, na duka litakufa kesho. Nikinyamaza miezi mitatu nitauza, na nikiuza nitawalipa wote. Wewe ni mwalimu. Niambie, lipi lina huruma zaidi?"

Swali hilo si la mwizi. Mwizi haulizi. Ndiyo maana linastahili kujibiwa kwa makini, na nikiri kwamba lina nguvu kuliko linavyoonekana. Hata benki nzuri, wenye akiba wote wakija asubuhi moja, itayumba. Mfanyabiashara aliye katika shida za muda aweza kuuawa na uvumi kabla shida hazijamwua. Basi ana wajibu gani wa kujitangaza kuwa mgonjwa?

Wanafalsafa wamelijadili jambo hili tangu kale. Cicero, Mrumi aliyeandika kitabu chake juu ya wajibu mwaka 44 kabla ya Kristo, alitoa mfano wa mfanyabiashara aliyepeleka nafaka kutoka Aleksandria hadi kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa. Njiani ameona merikebu nyingine zikija na shehena. Je, awaambie wenye njaa kwamba chakula kingi kinakuja, na bei yake ianguke, au anyamaze na kuuza ghali? Cicero anawaleta wanafalsafa wawili. Diogenes wa Babeli asema kunyamaza si kuficha. Muuzaji aseme yale yanayotakiwa na sheria, basi. Antipater, mwanafunzi wake, asema mnunuzi anapaswa kujua kila anachojua muuzaji. Cicero mwenyewe anamwunga mkono Antipater.

Mimi naona Diogenes anaweza kuachiwa ushindi katika mambo mengi ya sokoni. Muuza mpunga wa Mwamapuli halazimiki kunitajia bei aliyonunulia shambani, wala kunionesha duka la jirani lenye bei nafuu. Macho ninayo, mpunga nauona, naushika, naonja mchele wake. Lakini anayelipwa kabla hajatoa kitu yuko katika hali nyingine. Mteja wake hana cha kushika. Siku ile alipotuma fedha, hakununua chupa, alinunua ahadi. Na ubora wa ahadi uko wapi, kama si katika uwezo na nia ya aliyeitoa? Anayeuza mbuzi mgonjwa akamfunika ugonjwa wake, wote twajua ametenda kosa. Anayeuza ahadi iliyokwisha kuugua akaifunika kwa punguzo la bei, ametenda kosa lile lile, ila mbuzi wake haonekani. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu misingi ya maadili, alitumia mfano wa mtu aliyebanwa na shida, anayekopa kwa ahadi ya kulipa huku akijua hataweza. Alionesha kwamba kama kila mwenye shida angefanya hivyo, hakuna ambaye angeamini ahadi tena, na hata mwongo asingepata wa kumdanganya. Kijana wangu hakuwa amefika huko kabisa, maana yeye alitumaini kulipa. Lakini tumaini lake lilisimama juu ya fedha za watu wasioijua hali yake.

Hapo ndipo palipo na fundo. Fedha zangu zilikwenda wapi? Hazikununua mvinyo wangu. Zilinunua, pengine, mvinyo wa aliyelipa kabla yangu na aliyepiga kelele zaidi. Na wangu ungenunuliwa kwa fedha za atakayelipa kesho. Njia hii Watanzania tunaijua kwa jina jingine. Wengi wanaikumbuka DECI, mchezo wa "kupanda" na "kuvuna" mbegu uliowavuta watu wa mijini na vijijini mpaka Serikali ilipousimamisha mwaka 2009. Viongozi wake walitiwa hatiani katika Mahakama ya Kisutu mwaka 2013. Mavuno ya aliyetangulia yalikuwa mbegu ya aliyefuata, na shamba halikuwepo.

Duka la halali laweza kuteleza mpaka hapo bila mtu kupanga. Katika biashara ya mvinyo wa Ulaya kuna desturi ya kununua mvinyo ungali katika mapipa, na kuupokea baada ya miaka miwili au mitatu. Mteja wa namna hiyo amezoea kusubiri, na uvumilivu wake ni kichaka kizuri cha kujifichia. Huko Berkeley, California, lilikuwepo duka la Premier Cru, lililoanza mwaka 1980 na kusifiwa kwa bei zake. Wateja walilipa, wakasubiri. Mizigo ikachelewa, maelezo yakawa mengi, malalamiko yakaongezeka, na matangazo ya bei nafuu yakaendelea. Januari 2016 duka liliomba kufilisiwa. Madeni yalikuwa kiasi cha dola milioni 70, na wateja waliodai walikuwa maelfu. Mwenye duka, John Fox, alikiri mahakamani kwamba aliuza mvinyo ambao hakuwa ameununua, na fedha nyingine alizitumia kwa anasa zake. Desemba 2016 alihukumiwa kifungo cha miaka sita na nusu. Wateja waliodhani wana mvinyo ghalani waligundua wana karatasi. Hata kwetu, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inafuata kanuni ile ile: bidhaa ambayo haijatengwa na kutambuliwa kuwa ni ya mnunuzi fulani bado haijawa mali yake. Duka linapofilisika, mteja wa namna hiyo husimama mwisho wa mstari, nyuma ya wadai wenye dhamana.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule kijana naliweka katika neno moja la Kiswahili ambalo lina uzito kuliko deni, nalo ni amana. Ukimtuma mtoto wa jirani sokoni kwa shilingi 5,000 akakununulie sukari, fedha zile zi mkononi mwake lakini si zake. Ana ruhusa ya kuzitumia kwa jambo moja tu. Akikuta sukari imekwisha, hurudi na fedha. Akizipoteza njiani, hurudi na habari. Asichoweza kufanya ni kwenda mlango wa pili, kumwomba mama mwingine fedha za sukari, ili azibe pengo la zile za kwanza, naye yule mama asiambiwe. Muuzaji aliyelipwa mbele ni huyo mtoto. Fedha zile zitakuwa mapato yake siku mzigo utakapofika. Kabla ya hapo ni amana yenye kazi moja. Hata sheria yetu ya mabenki inalijua neno hili. Ndiyo maana ipo Bodi ya Bima ya Amana kwa ajili ya wenye akiba benki inapofungwa. Duka halina bodi kama hiyo. Mwenye duka mwenyewe ndiye bodi, na dhamiri yake ndiyo bima.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mwenzangu Mwislamu ambaye mvinyo hauonji, aliniambia nilipomsimulia kisa hiki kwamba dini yake ililitazama jambo hili zamani sana. Watu wa Madina walikuwa wakilipia tende kabla hazijavunwa, kwa mwaka mmoja na hata miwili. Mtume hakuikataza desturi hiyo, bali aliifunga kwa masharti: kipimo kijulikane, uzito ujulikane, na muda ujulikane. Biashara hiyo huitwa salam. Nilivutiwa na hekima yake. Inamruhusu mkulima maskini kupata mtaji kabla ya mavuno, lakini inamnyima neno "njiani." Siku ikifika, ama kitu kipo ama hakipo, na kama hakipo mlipaji ana haki ya kuchagua kati ya kungoja na kurudishiwa fedha zake.

Kuchagua ndiko hasa alikotunyima yule kijana. Alisema ukweli ungeliua duka. Huenda. Lakini alichokuwa akikilinda hakikuwa chake peke yake. Aliamua kwa niaba yetu kwamba fedha zetu ziendelee kuhatarishwa kwa miezi mitatu, na sisi tuliokuwa wenye fedha hatukuulizwa. Angetuuliza, pengine tungekubali. Wastaafu tunajua shida. Wako kati yetu waliosubiri mafao yao muda mrefu. Wateja wengine wangengoja, wengine wangepokea nusu na kusamehe nusu. Uvumilivu ni kitu ambacho mteja anaweza kukitoa zawadi, lakini zawadi haichukuliwi mfukoni mwa mtu akiwa amelala.

Tena, mficha maradhi kifo humuumbua. Mwishoni mwa mazungumzo yetu kijana alitaka kunifanyia hisani. "Wewe mzee wangu," alisema, "nitakutanguliza." Nilipowaeleza wenzangu, tulibishana. Wengine walisema tushukuru na tupokee. Mmoja akauliza, "Tukitanguzwa sisi, anarudishwa nyuma nani?" Tukampigia kijana tena, tukamwomba atutajie tu sisi ni wa ngapi katika mstari. Hakuweza. Hakujua anadaiwa katoni ngapi, wala na nani, wala tangu lini. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nilitambua basi kwamba aliyewaficha wateja hali ya duka alikuwa amejificha hata yeye mwenyewe. Ile miezi mitatu haikutoka katika hesabu yoyote. Ilitoka katika hofu.

Sitaki wateja tujione watakatifu. Wenye maduka waliwahi kutuamini, wakaleta bidhaa mpaka mlangoni ili tulipe tukiiona. Jumia, iliyofunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, iliwaruhusu wateja kulipa wakati wa kupokea. Lakini wako wanaoagiza na mzigo ukifika wakazima simu, au wakasema wamebadili mawazo, na gharama ya kurudisha ikabaki kwa muuzaji. Kila anayefanya hivyo anamsukuma mfanyabiashara kudai fedha mbele, na mwenye kuumia ni mteja mwaminifu anayekuja baada yake. Vilevile tuna wajibu katika maneno. Mzigo ukichelewa, si haki kutangaza mji mzima kwamba duka fulani ni la matapeli. Lakini si haki pia kunyamaza huku jirani akituma fedha zake. Njia ya katikati ipo: sema ulichokiona na usizidishe. Niliagiza tarehe fulani, nililipa kiasi fulani, mpaka leo sijapata. Maneno hayo hayamwui mfanyabiashara mwaminifu, kwa kuwa anaweza kuyajibu kwa kuleta mzigo. Na anayeuliza mapema kama duka lina afya si mchokozi. Mkopeshaji ana haki ya kumwuliza mkopaji habari zake.

Kwa mfanyabiashara aliyeelemewa, naona wajibu wake unafuatana kwa ngazi. Kwanza aache kupokea fedha mpya, siku ile ile atakapojua kwamba za leo zitakwenda kuziba pengo la jana. Hili ni gumu kuliko yote, maana ndilo linalofanana na kujiua. Lakini linamzuia asiwaingize shimoni wasiokuwamo. Pili, afungue daftari na ajue anadaiwa nini na nani. Tatu, awaambie wanaosubiri, wote kwa siku moja na kwa maneno mamoja, asimtangulize mkali akamwacha mpole. Nne, kilichobaki akigawe kwa haki. Akifanya hayo na duka likafa, limekufa kifo cha heshima, na mwenyewe anaweza kufungua jingine kesho, na watu wakamwamini. Kufunga duka si aibu. Mpanda tumeona machimbo yakifungwa na mji ukaendelea kuishi.

Narudi kwenye methali, maana naona ilikuwa na hekima kuliko nilivyowafundisha wanachuo wangu. Nilidhani ahadi ni deni la kitu kilichoahidiwa: ukiahidi chupa, unadaiwa chupa. Sasa naona aliyeahidi anadaiwa vitu viwili. Anadaiwa kitu, na anadaiwa habari za kitu. Deni la kwanza laweza kumshinda mtu kwa bahati mbaya, na tunapaswa kumhurumia. Deni la pili halihitaji mtaji, wala soko, wala barabara ya lami. Hata aliyefilisika kabisa anao uwezo wa kulilipa, na asipolilipa hawezi kusema alikosa fedha.